Meno ya Shangazi na Vigae vya Kuoka Mara Mbili

Karakana yenye mlango wa kijani,
Nyuma ya mashine ya kusaga.
Jumapili, baada ya chai ya pili.

Mpendwa mdogo wangu Kijiko,

Pokea salamu nyingi kuliko maranda yaliyojaa sakafuni kwangu, na wewe unajua kaka yako si mtu wa kufagia kila siku. Hujambo? Mwili unakutii? Baridi ya huko imelegea, au bado unalala na soksi mbili mbili kama ulivyotuandikia? Na huyo mwenzako wa chumba anayekoroma, mpe pole yangu, kisha mfinye.

Sisi huku tu wazima. Wifi yako mzima, cherehani yake nzima, na ulimi wake ndio mzima kuliko vyote. Mimi mgongo unauma nikiinama, unauma nikiinuka, kwa hiyo nimeamua kubaki katikati. Tumbo limeongezeka kidogo. Wifi yako anasema siku hizi tumbo linaingia mlangoni, watu wanalikaribisha, wanalipa kiti, halafu ndipo mwenyewe natokea. Na bado mtaa mzima unaniita Msumari! Sijui wanaona msumari gani.

Barua yako tuliipata. Niliisoma peke yangu kwanza, halafu nikamsomea Shangazi nikiruka vipande. Niliruka pale uliposema umeanguka mtihani wa vitendo, kwamba ulipopewa sindano mbele ya wasimamizi mkono ulitetemeka mpaka wakakuomba uiweke chini. Niliruka pia pale uliposema kwamba ikiwa Shangazi bado anaishi kwa uji tu, basi utaacha mafunzo ya uuguzi, ufunge begi, urudi umlishe kwa mkono wako mwenyewe. Nilisoma salamu, nikasoma habari ya soksi, nikakunja karatasi.

Simu ningekupigia siku ileile, lakini unaijua simu ya nyumba hii. Ukiongea nayo kwa siri, anayekujibu wa kwanza ni fundi viatu aliye nje barazani. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Begi lako liache hapo lilipo, vuta kiti, soma polepole mpaka mwisho. Habari ni njema, ila nitaitoa kwa mpango wake, maana na mimi nimeihangaikia.

Tuanze na meno. Yale ya bandia uliyochangia fedha yalikuwa tayari kwa daktari wa meno, meupe, yamepangika kama funguo za kinanda. Shangazi aliyavaa pale kwa daktari, akafumba mdomo, akarudi nao umefumbwa mpaka nyumbani. Alipofika aliyavua, akayatia kwenye glasi ya maji dirishani, akaifunika kwa leso.

"Leso ya nini tena, Shangazi?" nikamuuliza.

"Yananicheka."

"Meno yanakucheka?"

"Wewe unaona yanafanya nini? Yamenuna?"

Basi yakakaa pale wiki baada ya wiki, chini ya leso, kama mgeni anayeoga asiyetaka kumaliza. Na Shangazi akaendelea na uji. Uji asubuhi, uji mchana, jioni wali tuliouponda mpaka ukasahau kwamba uliwahi kuwa punje. Ule mkono ulioturusha hewani tukiwa wadogo, sisi wawili tusio na mzazi mwingine ila yeye, ukaanza kulegea ngozi. Nguo zake wifi yako alizipunguza kiunoni mara ya kwanza, akazipunguza tena. Mara ya pili alishona bila kusema neno, na ukimsikia wifi yako hasemi neno, ujue mambo si mazuri.

Siku ile niliyomsomea barua yako nilimpigia magoti kabisa. Nikamwambia, Shangazi wangu, vaa meno, ule kama watu.

Akaniangalia tangu utosini mpaka tumboni, hapo akatua kidogo. "Nile nini? Uji hauhitaji meno. Huo wali wenu hauhitaji hata mdomo, unaweza kupita puani. Mnanipikia kama mtoto mchanga, halafu mnanidai meno! Nitayavaa siku mtakaponiwekea mezani kitu kinachostahili meno."

"Kama kitu gani?"

Akafikiri. "Kama vile vigae vya Kijiko."

Unakumbuka vigae? Zile biskuti ngumu ulizotutumia mwaka wako wa kwanza huko, kwenye kopo la bati jekundu, ulizosema zinaitwa biskoti. Wakati ule Shangazi bado alikuwa na meno yake machache. Alikuwa anakigonga kimoja mezani, ko ko, kama mtu anayebisha hodi, ndipo anakichovya kwenye chai. Kopo lilipoisha aliliosha, akatilia vifungo na sindano, lakini ukimchungulia utamkuta mara nyingine analifungua na kulinusa.

Kesho yake nikavaa shati la maana, nikaenda lile duka kubwa lenye milango ya vioo. Biskoti nilizikuta, rafu ya juu, pakiti ndogo kama ya misumari ya nusu inchi. Nikaishika. Nikaangalia bei. Nikairudisha rafuni taratibu kwa mikono miwili, kama mtu anayemlaza mtoto aliyekwisha sinzia. Lakini kabla sijaondoka niliichukua tena, nikaigeuza nyuma, nikaanza kusoma ilivyotengenezwa. Kijana wa dukani akaja kusimama karibu yangu.

"Mzee, unanunua au unasoma?"

"Nasoma kwanza, mwanangu. Kununua nitafikiria uzeeni."

Na nilichokisoma, Kijiko, kilinifurahisha nikaondoka pale nacheka peke yangu. Unga wa ngano, sukari, mayai, lozi, hamira kidogo ya keki, basi. Hakuna siagi! Hakuna maziwa! Nikasema, kumbe hiki ni chakula cha mtu wa kawaida kabisa, kimevalishwa koti tu ndipo kikapandishwa rafu ya juu. Tutakivua koti.

Lozi nikazibadilisha na karanga, ambazo hazijawahi kumtisha mtu. Mayai nikayafuata kwa Mama Mayai, yule jirani wa kona. Yeye huwa na trei moja ya mayai yaliyopata ufa kwenye safari, huyauza kwa bei ya kuyaonea huruma, ili mradi uyapike siku hiyohiyo. Harufu nzuri nikaipata bure: yule anayekamua juisi ya machungwa stendi hutupa maganda ndoo nzima. Nikamwomba machache yaliyo safi, nikayaosha, nikayaparuza ile rangi ya juu tu. Akaniuliza nayapeleka wapi. Nikamwambia ninatengeneza kitu cha Ulaya. Akaongeza maganda mawili kwa heshima.

Tanuri hatuna, unajua. Lakini sufuria kubwa la sherehe lipo. Nikatia mchanga chini, juu ya mchanga trei ya bati, nikafunika, moto chini na moto juu ya mfuniko. Na moto kwa seremala ni kitu gani? Vipande vya mbao vimejaa karakana nzima, vinanikwaza kila siku. Nikavikusanya, nikawasha, nikajiona mtu mwenye akili nyingi sana.

Tatizo ni kwamba vipande vile vilikuwa vya lile kabati la mteja nililolipiga vanishi mwezi uliopita.

Shangazi alikinusa kile kipande nilichompelekea, akakirudisha sahanini. "Kabati zuri," akasema. "Lina droo ngapi?"

Tukatupa yote. Mara ya pili nikatumia mkaa safi, na nikamweleza wifi yako asiniingilie, kwa sababu nimeshajua siri ya kitu hiki. Siri yenyewe, nilimwambia, ni kukausha. Vigae vya Kijiko vilikuwa vikavu, si ndiyo? Basi nikaufinyanga unga kama mkate mrefu, nikauweka motoni, na kila nilipofikiri umetosha nikauongezea makaa. Nilioka, mdogo wangu. Nilioka mpaka mfuniko ukaanza kunionea huruma.

Kilichotoka humo kilikuwa gogo. Nje la rangi ya kahawia, lina mwanga, zuri la kupigwa picha. Kisu kikateleza. Panga la jikoni likateleza. Nikalibana kwenye jiliwa la karakana, nikachukua msumeno, nikaanza kukata vipande, na unga ukawa unamwagika chini uleule kama wa mbao. Fundi viatu akaacha kazi yake barazani akaja kusimama mlangoni, sindano mdomoni.

"Bwana Msumari, hiyo ni mninga?"

"Ni biskuti."

"Aa. Na ile stuli uliyoniuzia, ilikuwa keki?"

Akaomba kipande, eti akaonje na chai. Baadaye nikamkuta anakitumia kugongea kisigino. Anasema nyundo yake sasa ameipumzisha.

Nilikaa pale kwenye benchi nimeshika tama, maana nilikuona wewe unafunga begi. Nakwambia ukweli, nilikuona kabisa, na lile koti lako la kijivu. Ndipo wifi yako akaja, akaliokota gogo, akalipima uzito mkononi, akaanza kucheka. Unakijua kile kicheko chake kinachoanzia magotini.

"Mume wangu," akasema alipopata pumzi, "wewe umekuwa seremala tangu sijakujua. Umewahi kukausha gogo zima?"

"Hapana. Linapasuka nje, ndani linabaki bichi. Gogo unalipasua mbao kwanza likiwa laini, halafu unazipanga mbao na nafasi katikati, hewa ipite, zinakauka pole..."

Hapo nikageukia ukuta.

"Endelea," akasema. "Nakusikiliza, fundi."

Kijiko, miaka yote hii nafundisha vijana kukausha mbao! Na jibu lilikuwa linanikodolea macho kutoka kwenye rundo la mbao pale ukutani, na kila ubao umewekewa kijiti chini yake kama inavyotakiwa.

Basi mara ya tatu tukafanya wote wawili. Nakuandikia namna yake, huenda huko jikoni kwenu mkapata nafasi. Vikombe viwili vya unga, kikombe cha sukari ambacho hakikujaa, mayai matatu, hamira ya keki kijiko cha chai, chumvi ya kubana kwa vidole, maganda ya chungwa, na karanga zilizokaangwa, kiasi cha kujaza kiganja, kiganja changu si chako. Unakanda mpaka inashikana tu, usiipige sana. Unaifinyanga kama mkate mwembamba, unaoka kwa moto wa wastani mpaka ukiibonyeza inarudi, na juu imeanza kupata rangi ya mkono wa wifi yako. Hapo unaitoa. Laini! Usiogope ulaini. Unaiacha ipumue mpaka iwe vuguvugu, unakata kwa kisu cha meno, mwendo wa msumeno, bila kukandamiza. Halafu kila kipande unakisimamisha, kimeachana na mwenzake, unavirudisha kwenye moto mdogo sana, makaa machache, vikauke bila kuungua. Ukivitoa bado vinakunjika kidogo, usilie. Vikipoa vinakuwa vigae.

Vilipopoa nilichukua kimoja, nikakigonga mezani. Ko ko. Wifi yako akaniangalia, nikamwangalia. Mimi mtu mzima niliruka, nikagonga kichwa kwenye kizingiti, na sikusikia maumivu mpaka jioni.

Tukavipanga kwenye sahani ya wageni, tukamletea Shangazi na chai ya rangi. Akavitazama. Akakigonga kimoja. Akakinusa. Nikaona mkono wake unatetemeka kidogo, sikuelewa kwa nini. Kisha akakirudisha.

"Vizuri," akasema. "Nitaonja kesho."

Kesho ikafika, akasema kesho. Nikamchokoza, nikambembeleza, nikajifanya nimekasirika, nikala vitatu mbele yake kwa kelele. Hata leso hakuifunua. Uji wake aliunywa, akamshukuru wifi yako, akaenda kulala mchana na mlango wake akaufunga. Jioni ile nikaanza kukuandikia barua nyingine, siyo hii. Niliandika "Mpendwa Kijiko" nikakaa, sikujua la kufuata.

Sasa hapa ndipo panapoingia panya.

Vile vipande vya gogo nilivyovikata kwa msumeno hatukuvitupa, maana wifi yako hatupi kitu kilichoingia yai. Alivitia kwenye kopo jikoni, vigae vizuri akavitia kwenye kopo jingine. Siku moja akaniambia kopo la vipande vya gogo limepungua. Nikasema ni fundi viatu, kisigino kimemwishia. Fundi viatu akaapa si yeye. Halafu na kopo la vigae vizuri likaanza kupungua, kimoja leo, viwili kesho.

"Panya," nikasema.

"Panya anayefunga kopo akishamaliza?" wifi yako akauliza, lakini akaniuliza huku amegeukia cherehani, na mimi sikuuona uso wake. Ningeuona ningeshtuka mapema.

Nikatengeneza mtego, wa mbao, mzuri, na kile kipande cha kubana nikakipiga msasa. Nikauweka chini ya rafu. Panya hakuguswa, vigae vikapungua. Jumatano mchana nimerudi nyumbani kufuata futi kamba niliyoisahau, nyumba kimya, wifi yako kaenda kupeleka nguo ya mteja. Nasikia: kra.

Nikasimama. Kimya. Halafu tena: kra, kra.

Sauti inatoka upande wa chumba cha Shangazi. Nikavua kiatu kimoja, nikakishika mkononi, nikanyata kwa vidole, na mtu wa mwili wangu akinyata kwa vidole, kabati la vyombo linatikisika. Nikausukuma mlango ghafla, kiatu juu.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye kiti chake dirishani, kanga mabegani, kigae mkononi. Leso imekunjwa vizuri mapajani. Glasi tupu.

Akanitazama mimi, akakitazama kiatu.

"Funga mlango," akasema, "unaingiza nzi."

Nilifunga mlango. Nikakaa kitandani kwake na kiatu changu. Yeye akauma tena, pembeni kabisa, kwa uangalifu kama mtu anayevuka ubao mwembamba, akatafuna, akameza, ndipo akasema.

"Mwanzo yalikuwa yanachomoka. Nauma kitu, yanabaki kwenye kitu. Nilianza na lile gogo lako, nalilowesha kwenye chai mpaka linakuwa uji, nakula. Kesho nalilowesha kidogo kuliko jana. Ni zuri lile gogo, usilidharau. Sasa nauma kikavu."

"Shangazi, kwa nini hukutuambia?"

"Nikuambie ili mkae mbele yangu wote mkodoe macho? Yachomoke yaangukie kwenye kikombe cha mke wako?" Akayasukuma meno kwa kidole gumba, akayaweka sawa. "Sikuwa nayachukia. Nilikuwa nayaogopa."

Nikamwuliza ilikuwaje akaanza, maana wiki zote hizi alikuwa amekataa.

"Ulinisomea barua ya mtoto, ukafika mahali mdomo ukafunga, macho yakaendelea kushuka. Unadhani mimi sijui kusoma macho yako? Nimeyasoma tangu yana tongotongo. Ulipoondoka nikamwita mkeo, akanisomea yote, na sindano, na begi." Nje fundi viatu alikuwa anagonga. "Nikajisemea, yaani mtoto ataacha kazi ya watu, kwa sababu mimi naogopa glasi ya maji?"

Kumbe wifi yako alijua! Kumbe ndiye aliyekuwa anaacha makopo wazi kidogo, ili yasikwaruze yakifunguliwa! Na mtego nimetengeneza mbele yake, ananishikia msumari, ananisifia msasa! Nikimuuliza sasa ananijibu kwamba mtego ulikuwa mzuri sana, angependa mwingine.

Shangazi aliniapisha nisiseme. Alitaka ajitokeze mwenyewe, siku yake, mbele ya watu, kama vile ndiyo mara ya kwanza. Basi jana Jumamosi tukatandika meza barazani. Tukamwalika fundi viatu na Mama Mayai, aliyekuja na trei ya nyufa kama zawadi. Shangazi akatoka chumbani kwake na gauni ambalo wifi yako ameshaanza kulilegeza, taratibu, mdomo umefumbwa. Akaketi. Akachukua kigae, akakigonga mezani, ko ko. Mama Mayai akaacha kupuliza chai yake.

Akauma.

Kra! Nakwambia ilisikika mpaka kwenye mashine ya kusaga. Akatafuna bila haraka, anatuangalia mmoja mmoja. Hakuna kilichochomoka. Wifi yako akashika mashavu, "Ee Mungu wangu, Shangazi! Meno!" Mimi nikasimama na kusema siamini macho yangu, nikaongeza na kutikisa kichwa. Wifi yako ananiambia nilizidisha, kwamba nilikuwa kama mtu anayeona ndege kwa mara ya kwanza.

Fundi viatu na Mama Mayai ndio peke yao waliokuwa hawajui kitu, na fundi viatu akapiga makofi mpaka chozi likamtoka. "Bibi," akasema, "mimi kile kimenishinda, na meno ni yangu!"

"Yako umeyazoea, huyaheshimu," Shangazi akamjibu, akachukua cha pili. Na akacheka. Mdomo wazi, mdogo wangu, meno yote nje. Sikumbuki lini mara ya mwisho. Wali wa jana usiku tulimpikia wenye punje zake, na nyama ya kutafuna. Aliomba aongezwe, mimi nikakosa kipande changu, na sijawahi kukosa nyama kwa furaha namna hiyo.

Leo asubuhi nilimwambia nakuandikia, na kwamba habari ya chumbani nitaificha kama alivyoniapisha. Akafikiri huku anachovya. Kisha akaniambia hapana, andika yote, na kiatu pia uandike. Maneno yake haya nayaweka kama alivyoyasema, sijapiga randa:

"Mwambie Kijiko mkono wangu ulitetemeka kuliko wake. Mwambie kwenye barua zake za mwanzo aliniandikia kwamba huko wanaanza kwa kudunga machungwa. Basi anunue machungwa, afunge mlango, adunge peke yake mpaka aache kuyaogopa, halafu arudi kwa hao wasimamizi. Mimi nimeuma. Na yeye adunge. Akija kabla hajamaliza, meno nayarudisha kwenye glasi."

Maganda ya hayo machungwa usiyatupe. Namna ya kuyatumia nimekwisha kukuandikia hapo juu.

Wifi yako anakusalimu, anasema upime kiuno umtumie vipimo, anataka kukushonea gauni la siku ya kuhitimu kabla kitambaa alichokipata hakijapanda bei. Mama Mayai anakusalimu, na fundi viatu anakusalimu, anauliza kama huko viatu vinachakaa. Shangazi hakusalimu, anasema salamu utazikuta ndani ya kifurushi. Nami nakuombea Mungu akufunike na hiyo baridi, akutulize mkono, na siku yako ikifika akurudishe kwetu na cheti chako, tukiwa bado wote tupo na meno tuliyonayo.

Kaka yako akupendaye sana, mwenye meno yake ya kuzaliwa mpaka leo asubuhi,

Msumari

Tena: kopo jekundu nalituma pamoja na barua hii. Vifungo amevihamishia kwingine. Vigae vikiokwa mara mbili haviharibiki njiani, kwa hiyo kula vyote, mgawie na anayekoroma. Ila kilichofungwa peke yake kwenye leso, juu kabisa, kile kilichoumwa pembeni na alama za meno zimepangika kama funguo za kinanda, usikile. Amekitia Shangazi mwenyewe. Kiweke pale unapofanyia mazoezi.